Mimi ndiye ‘msomi’ wa chama, lakini Dani ndiye alinisahihisha hesabu

Kama umekulia Nairobi na ushago wenu uko mbali, unajua hii kitu. Ukifika tu nyumbani, unapewa kazi ya kuandika. Haijalishi ulisomea nini wala kama ulimaliza. Wewe umetoka chuo, shika kalamu.

Mimi chuo sikumaliza. Niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kublogi na vibarua vya mtandaoni. Lakini huku Uriri, kaunti ya Migori, hiyo hadithi haijalishi mtu. Mwezi jana nilipokuja kukaa kidogo, kina mama wa chama cha nyumbani walinifanya karani siku hiyo hiyo. Walinipa daftari, kiti cha plastiki na soda. Nikajiona mkubwa.

Chama chao ni cha kukopeshana. Wanakutana Jumapili baada ya kanisa, chini ya mwembe. Kila mtu anaweka akiba, halafu anayetaka mkopo anachukua kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Siku yangu ya kwanza, Dani alikuwa anamaliza deni lake. Dani kwa Kijaluo ni nyanya, na huyu kila mtu anamwita Dani, hata wasio wajukuu wake. Hakuwahi kukaa darasani. Simu yake ni mulika mwizi, na namba za watu anazijua kwa jinsi zilivyofuatana kwenye orodha.

Alikuwa amekopa 6,000, akarudisha 2,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Nikatoa simu, nikapiga hesabu. Asilimia 10 ya 6,000 ni 600, mara tatu ni 1,800. Nikaandika riba: 1,800. Nikasoma kwa sauti.

Dani hakukasirika. Aliniangalia tu kama mtoto aliyevaa shati kinyume.

“Nyathina, hiyo mia sita ya mwisho umeitoa wapi?”

Nikaanza kumweleza. Akanikatiza. “Mwezi wa kwanza deni langu lilikuwa elfu sita, riba mia sita. Nikatoa elfu mbili. Likabaki elfu nne, riba mia nne. Nikatoa elfu mbili. Likabaki elfu mbili, riba mia mbili. Hiyo ni elfu moja na mia mbili. Wewe unanidai riba ya pesa ambayo nilisharudisha.”

Kimya. Mama mboga wa kona akacheka hadi akashika mti. Riba ya chama ni ya deni lililobaki, kila mtu pale anajua, na karani msomi alikuwa karibu kumwibia nyanya 600. Nilifuta, nikaandika 1,200.

Hiyo ndiyo siku nilianza kujiuliza: ukija na fomu ya serikali, mimi na Dani tutaandikwaje? Mimi, “anajua kusoma, kuandika na hesabu”. Yeye, “hajui”. Kwisha.

Karatasi iliyokaa ndani ya Biblia

Ngoja, kuna sehemu ya pili, na hapo ndipo mambo yaligeuka.

Baada ya mkutano Dani alinivuta pembeni. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ilikuwa imehifadhiwa ndani ya Biblia. Ilikuwa karatasi ya malipo ya miwa yake. Ukanda huu wa Uriri, Awendo na Ndhiwa ni wa miwa, na wanunuzi wako kadhaa, kwa hivyo sitataja ni nani. Miwa hukaa shambani kama mwaka mmoja na nusu. Kampuni hukupa mbegu, hukulimia, hukuletea mbolea, hukata na kubeba, halafu hujitoa gharama zake kwenye malipo yako. Kinachobaki ndicho chako.

“Nilipokea pesa, nikaweka kidole,” alisema. “Lakini hii sijui inasema nini.”

Karatasi yote ni Kiingereza, tena cha kukatwakatwa, herufi nne nne kama namba za gari. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Ilinichukua karibu saa nzima. Tani 31.2 kwa shilingi 4,500, jumla 140,400. Kisha makato: mbegu, kulima, kukata, kusafirisha, riba ya mkopo. Makato yote 106,880. Mkononi 33,520. Mwaka na nusu wa jasho, 33,520.

Nilikuwa nimeshakubali. Nikamsomea mstari kwa mstari ili tu ajue. Nilipofika mbolea, nikasoma 10,800. Mstari wa tano kwenda chini, mbolea tena, 10,800.

“Rudia,” akasema.

Nikarudia. Tarehe ni ile ile. Namba ya risiti ni ile ile.

“Mbolea waliniletea mara moja. Mifuko mitatu. Niliihesabu mwenyewe ikishushwa.” Akaingia ndani, akatoka na kijikaratasi cha siku ya kupokea mbolea. Hakijui kinasema nini, lakini alikiweka. Mifuko 3, kwa 3,600 kila mmoja. Hiyo ni 10,800, mara moja tu.

Hebu tulia hapo. Mimi nilijua kusoma lakini sikuona kosa, kwa sababu mbolea mara mbili haikunishtua. Yeye aliona kosa papo hapo lakini hakuweza kusoma, na kwa hivyo ile karatasi ilikuwa imekaa ndani ya Biblia zaidi ya mwezi mmoja ikiwa na elfu kumi na mia nane zake.

Kumbe kuna watu wanapima hii kitu

Usiku huo nilikaa na bando langu nikisoma. Nikagundua kwamba swali la “unajua kusoma?” limewasumbua watu wengi kabla yangu, na kuna njia tatu za kulijibu.

Njia ya kwanza ni kuuliza tu. Sensa huuliza umefika wapi kimasomo. Ukisema kidato cha nne, basi wewe unahesabiwa umesoma. Hakuna anayekupa kitu usome.

Njia ya pili ni kadi. Kwenye utafiti wa afya wa kitaifa, ule wa KDHS, mhojiwa huonyeshwa kadi yenye sentensi fupi asome kwa sauti. Akiisoma yote, anajua. Akisoma kipande, anajua kidogo. Lakini waliofika juu kimasomo hawaonyeshwi hata hiyo kadi. Wanachukuliwa tu kuwa wanajua.

Njia ya tatu ni mtihani wenyewe. Hii ndiyo inayotumiwa na OECD, lile shirika la nchi tajiri, kwenye mpango unaoitwa PIAAC. Wanakuja hadi nyumbani kwako, kama una miaka kati ya 16 na 65, wanakupa tableti na maswali ya maisha ya kawaida: tangazo, jedwali, bei, safari. Wanapima vitu vitatu: kusoma na kuelewa, hesabu, na kutatua tatizo ambalo masharti yake yanabadilika ukiwa katikati. Alama ni kuanzia 0 hadi 500. Hawakupi ‘umepita’ au ‘umeanguka’. Wanakupanga kwa ngazi.

Awamu ya mwisho ilifanywa 2022 na 2023 kwa watu wazima wapatao 160,000 katika nchi na maeneo 31, na matokeo yakatoka Desemba 2024. Ufini iliongoza kwa kusoma, wastani wa alama 296. Wastani wa nchi za OECD zilizoshiriki ulikuwa 260. Na hapa ndipo nilikaa vizuri kitandani: hata huko kwao, kama mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa ngazi ya kwanza au chini yake kwa kusoma. Hao ni watu wa nchi zenye shule kila kona. Wanaweza kusoma maandishi mafupi na mepesi, lakini ukiwapa kitu kirefu chenye habari za kuchanganya, wanapotea.

Kingine kilichonigusa kama mtu aliyeacha chuo: matokeo ya awamu ya kwanza, yaliyotoka 2013, yalionyesha vijana wa Japani na Uholanzi waliomaliza sekondari tu wakiwapita kwa mbali vijana wenye digrii wa Italia na Uhispania. Cheti kinasema ulikaa wapi na kwa miaka mingapi. Unachoweza kufanya leo ni jambo lingine.

Sasa tafuta Afrika kwenye zile orodha za PIAAC. Nilitafuta. Hatumo.

Kenya iliwahi kujipima

Lakini usidhani hatujawahi kupimwa. Mwaka 2006, mimi nikiwa mtoto wa darasa la kwanza, maafisa wa takwimu walizunguka nchi nzima na mtihani wa kusoma na hesabu kwa watu wa miaka 15 kwenda juu. Ripoti ikatoka 2007. Asilimia 61.5 ya watu wazima walijua kusoma na kuandika. Waliobaki, asilimia 38.5, walikuwa kama watu milioni 7.8. Nairobi ilikuwa juu na asilimia 87.1. Kaskazini Mashariki ilikuwa asilimia 8.0.

Hizo ndizo namba watu hutaja. Kuna nyingine ndani ya ripoti hiyo hiyo ambayo haitajwi sana. Walipouliza ni wangapi wamefikia kiwango kinachotakiwa, yaani mtu anayeweza kutumia kusoma kwake maishani, jibu lilikuwa asilimia 29.6. Si hata theluthi moja ya watu wazima.

Kati ya 61.5 na 29.6 kuna mamilioni ya watu. Wanajua herufi. Wanaandika jina lao. Kwa fomu wanaonekana wako sawa. Lakini ukiwapa mkataba, karatasi ya makato au maelezo ya dawa, wanaweka sahihi tu na kutumaini mema. Ukiwa mkweli na nafsi yako, unamjua mtu kama huyo. Labda ni wewe unapobonyeza ‘nakubali’ kwenye app ya mkopo.

Benki ya Dunia nayo ilipima hapa Kenya mwaka 2013, utafiti unaoitwa STEP, kwa mtihani wa kusoma ambao alama zake zinalinganishwa na zile za PIAAC. Lakini STEP ilipima watu wa mijini pekee. Kijiji kama hiki cha akina Dani hakikuwa kwenye hesabu kabisa.

Jipime kidogo

Kabla hujaendelea, hebu tujaribu. Nimetunga maswali matatu kwa mtindo huo, moja kwa kila kitu wanachopima. Usitumie kikokotoo.

Moja. Kwenye chupa ya dawa ya kunyunyizia imeandikwa: “Usivune mboga kabla ya siku 14 kupita.” Umenyunyizia sukuma tarehe 3. Tarehe 15 mteja amekuja na pesa taslimu. Utamuuzia?

Mbili. Umekopa 2,000 kwa simu. Ada ni asilimia 9. Usipolipa kwa siku 30, unatozwa tena asilimia 9 ya deni lote. Siku ya 60 unadaiwa ngapi?

Tatu. Una mahojiano ya kazi Kisumu saa nne asubuhi. Uko stejini Uriri saa kumi na mbili, safari ni saa tatu na nusu. Ujumbe unaingia: mahojiano yamesogezwa hadi saa tano, lakini uje na cheti halisi. Cheti kiko nyumbani, dakika 40 kwa boda kwenda, na 40 kurudi. Utafanyaje?

Majibu: la kwanza, hapana, subiri hadi tarehe 17. La pili, 2,376 na senti 20. Ukisema 2,360 umefanya kosa lile lile la karani wa chama, ila kwa kinyume. La tatu, ukienda mwenyewe utarudi saa moja na dakika 20 na kufika saa nne na dakika 50, kama matatu itaondoka papo hapo, na unajua haiondoki bila kujaa. Ukipiga simu nyumbani wakutumie cheti na boda, kitakufikia saa kumi na mbili na dakika 40 huku wewe umeshikilia kiti.

Niliwapa kina mama haya maswali kwa mdomo, kwa Kijaluo. La tatu Dani alijibu kabla sijamaliza. La kwanza walibishana, kisha wakakubaliana. La pili liliwapa shida, hata mimi lilinipa.

Hiyo nayo ina historia yake. Watafiti watatu huko Recife, Brazil, walichapisha mwaka 1985 utafiti wa watoto wanaouza vitu barabarani. Wakiwa kwenye biashara, walipata hesabu sahihi kwa asilimia 98. Hesabu hizo hizo zikiandikwa kwenye karatasi kama za shuleni, wakapata asilimia 37. Kichwa ni kile kile, watoto ni wale wale. Kwa hivyo ukimpima mtu kwa karatasi pekee, kuna uwezo hutauona. Na ukimpima kwa maneno yake pekee, kuna shimo hutaliona pia. Dani ana vyote viwili.

Majirani walifanyaje

Ukishika barabara kuu kutoka hapa Uriri, ukapita Migori mjini hadi Isebania, ukivuka mpaka tu uko mkoa wa Mara, Tanzania. Huko, kati ya 1968 na 1972, UNESCO na serikali ya Mwalimu Nyerere walijaribu kitu katika mikoa ya kuzunguka ziwa, makao yakiwa Mwanza. Badala ya kumfundisha mtu mzima kwa kitabu cha mtoto, walimfundisha kwa vitabu vya kazi yake: pamba, ndizi, ng’ombe, uvuvi. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa maneno ambayo yangemsaidia siku ya kuuza pamba.

Mwaka 1975 nchi nzima ikafanya mtihani, na watu wakapangwa kwa ngazi, ya kwanza hadi ya nne. Kujua herufi peke yake hakukukufikisha juu. Ngazi ya nne ilikuwa ya mtu anayetumia kusoma kwake kila siku, kama kusoma gazeti na kuweka hesabu zake. Waliuliza miaka 50 iliyopita swali ambalo mimi niligundua juzi chini ya mwembe.

Kenya nayo ilianza kampeni yake kubwa mwaka 1979, chini ya Rais Moi, yenye zile darasa za ngumbaru. Tumelifanya hilo neno kuwa mzaha. Mtu akikosea tahajia kwenye X, tunamwambia arudi ngumbaru. Baada ya ile karatasi ya miwa, mimi hilo neno silitumii tena kumcheka mtu.

Kwa nini ikuhusu

Unaweza kusema haya ni mambo ya wazee. Hapana. Fikiria namba zinavyofanya kazi. Mahali panapoonekana pamesoma, hakuna anayeleta mwalimu. Mahali ambapo hapajapimwa, hakuna anayepanga bajeti. Watoto tunawapima: Uwezo ilianza 2009 kuzunguka nyumba kwa nyumba, na kila matokeo yakitoka tunapiga kelele kuhusu watoto wa darasa la juu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Hao watoto wa 2009 leo wana miaka 20 na kitu. Ni sisi. Wengine wetu tuna vyeti, tunatafuta kazi, tunakopa kwa simu na kusaini mikataba.

Na kuna jambo dogo ambalo halihitaji serikali. Ukifika ushago, usiulize “mnajua kusoma?” Utaambiwa ndio, kwa sababu hakuna anayetaka aibu mbele ya mjukuu. Uliza, “Kuna karatasi yoyote mnataka tuisome pamoja?” Halafu soma kwa sauti, mstari kwa mstari, polepole, bila kuruka kile unachodhani si muhimu. Usimwambie kinachomaanisha. Mwache yeye akwambie kama ni kweli.

Tulipofika

Jumanne tulikwenda pamoja kumwona afisa wa nyanjani. Mimi nilikuwa nimepanga kuandika barua pepe. Dani ndiye alisema Jumanne, kwa sababu siku hiyo anapita kuangalia mashamba, na kwamba tubebe karatasi zote mbili na nakala, tusimwachie zile halisi. Afisa aliangalia, akaangalia tena, akachukua nakala. Akasema wataliangalia kwenye mfumo. Hiyo ni wiki tatu sasa. Bado tunangoja.

Neno lilipoenea, wanachama wanne walileta karatasi zao Jumapili iliyofuata. Tulizisoma zote. Tatu hazikuwa na kosa lolote, na wenyewe walifurahi vile vile, kwa kuwa kwa mara ya kwanza walijua pesa ilikwenda wapi. Ya nne ina mstari wa usafiri ambao hatuelewi. Hiyo nayo imepelekwa.

Dani amekataa kujifunza a-e-i-o-u. Anasema muda huo hana. Alichotaka ni nimfundishe yale maneno ya kwenye karatasi ya miwa tu. Tuliyahesabu, yako saba. Nikamwandikia kila moja kwenye kipande cha katoni, nyuma nikachora: mbegu, jembe, mfuko, panga, lori, mizani na sarafu.

Jana alizipanga mezani bila kugeuza nyuma. Alikosea moja, akachanganya kukata na kubeba. Kipande cha mbolea alikitambua wa kwanza.